Kifaranga Mkasi na Utepe wa Kanga

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa gani hiyo, ya watu walioshiba viazi wakavimbiwa? Semeni tena, huu moto usije ukalala kabla yenu. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, enzi ambazo kuku walimjibu mwenye nyumba kwa maneno na si kwa kinyesi peke yake, palikuwa na kuku mmoja jina lake Kishingo. Aliitwa hivyo kwa sababu shingo yake haikuwa na unyoya hata mmoja, nyekundu tupu kuanzia kichwani hadi mabegani. Lakini maringo aliyokuwa nayo! Pale manyoya yalipokosekana, maringo ndiyo yaliyoota.

Kishingo alikaa kwa Bi Somoe, mjane mnene mwenye sauti kubwa na miguu mifupi. Siku za kutaga zilipofika, Bi Somoe alimtandikia majani makavu ndani ya kikapu kikuukuu. Kishingo akakitazama kikapu, kisha akamtazama Bi Somoe.

"Mimi nitage humo?"

"Wenzako wote wametaga humo."

"Ndiyo maana watoto wao wana sura zile."

Akaingia ndani kwa mwendo wa bibi harusi, akaruka juu ya kabati, akajilaza kwenye sinia la maua. Sinia lenyewe lilikuwa linang'aa unaweza kujitazama, na Bi Somoe hakulitoa ila kwa wageni. Akapiga kelele, akatishia, akabembeleza. Kishingo akataga yai la kwanza, akataga la pili, akataga la tatu, mpaka yakatimia manane. Bi Somoe angefanya nini tena? Alilishusha sinia chini, kuku wake akiwa juu yake, akaenda kuwapikia wageni visingizio.

Siku ya ishirini na moja mayai yakapasuka. Vifaranga saba wakajikokota, wakasimama, wakaanza kudai chakula. Wa nane akainuka, akateleza, mguu mmoja ukaenda huku na mwingine ukaenda kule, kifua kikagonga sinia: pwaa! Akainuka tena: pwaa! Akainuka mara ya tatu: pwaa! Hadi jua linatua, miguu ile ilikuwa imeshazoea kila mmoja kwenda na njia yake.

"Huyu ni mkasi uliosahauliwa wazi," akasema Bi Somoe, na jina likamganda. Mkasi.

Kishingo alicheka kwa kiburi mbele ya watu, lakini moyoni aliumia sana. Alijua jambo moja ambalo kila kuku hulijua. Mwewe akitokea angani, mama hulia "Kwee!", na watoto hukimbilia chini ya mbawa zake. Wale saba walikimbia. Mkasi alibaki katikati ya uwanja, amelala kifudifudi, anapiga makasia mchangani. Mara mbili Kishingo alimrukia na kumfunika hapo hapo alipo, akiwaacha wale saba wazi. Je, mara ya tatu?

Basi akaenda kuomba ushauri. Kwanza alimwendea Jogoo, baba watoto.

"Mwanao hatembei. Tumfanyeje?"

Jogoo alikuwa juu ya jiwe, anajisafisha manyoya ya mkia. "Mwanangu nani? Wangu wote wana miguu."

"Miguu anayo! Haielewani tu."

"Kishingo, mke wangu, sikiliza neno la mwanamume," akasema Jogoo. "Kifaranga asiyetembea si kuku. Ni mchuzi uliochelewa. Mwache."

Kishingo akamdonoa penye kishungi chake, akaondoka. Hilo neno la mchuzi lishikeni, tutalihitaji.

Hajafika mbali, sauti nyororo ikateremka kutoka juu ya mti. Ilikuwa ya Mwewe.

"Shemeji Kishingo, nimesikia habari za mtoto. Pole sana. Nimekosa usingizi."

"Wewe?"

"Mimi. Nikasema, miguu ya nini hasa? Mimi mwenyewe yangu siitumii kutembea. Nipe nimlee. Nitambeba kila mahali. Kwangu hatahitaji kukanyaga chini maisha yake yote."

"Maisha yake yote ni dakika ngapi?"

Mwewe akakohoa, akasema atarudi wakati mwingine, wakati hasira zimepoa.

Ikabaki kwa Bi Somoe. Bi Somoe alimpakata Mkasi, akamgeuza tumbo juu, akambonyeza mapaja kwa kidole gumba. "Hakuna kilichovunjika," akasema. "Mifupa ya kifaranga ni laini, lakini siku zake za ulaini ni chache. Tumfunge miguu sasa, ikae pamoja, izoee. Tukichelewa, atakaa hivi mpaka kufa."

Kishingo aliposikia neno "tumfunge", shingo yake nyekundu ikawa nyeupe.

Msimcheke. Nyinyi mkimwona kuku kafungwa miguu, mnajua anakwenda wapi? Mnajua. Mama yake Kishingo alifungwa miguu. Shangazi yake alifungwa miguu. Dada yake alifungwa miguu. Na kila alipokuwa akikaza fundo, Bi Somoe alisema kwa sauti tamu: "Twende tukatembee kidogo, mwanangu." Wakatembea. Bi Somoe ndiye aliyerudi. Hata vifaranga wa mji ule walikuwa na wimbo wao, nao waliuimba kabla ya kujua kudonoa:

Kamba mguuni, kuku sokoni,
Kuku sokoni, kuku chunguni,
Kuku chunguni, kwaheri nyumbani.

"Humfungi!" akasema Kishingo.

"Namfunga kwa faida yake."

"Dada yangu pia ulimwambia maneno matamu."

Na ni kweli Bi Somoe alimwambia. Akachana utepe mwembamba kwenye pindo la kanga kuukuu, akauzungusha mguu huu na mguu ule, akaacha nafasi ya kidole kimoja katikati, akafunga fundo. Akamlaza Mkasi juu ya gunia ili asiteleze, akaingia jikoni. Kishingo akanyata, akadonoa fundo, ko ko ko, utepe ukaanguka. Miguu ikatawanyika: pwaa!

Siku ya pili Bi Somoe akafunga, Kishingo akafungua. Pwaa!

Siku ya tatu Bi Somoe akafunga, Kishingo akafungua. Pwaa! Safari hii Mkasi mwenyewe akalia: "Mama, nilikuwa nimekaribia kusimama!" Kishingo akamwambia anyamaze, watoto hawajui mambo ya sokoni.

Bi Somoe akatoka jikoni na mwiko mkononi, akamkuta na utepe mdomoni.

"Ni wewe!"

"Ni mimi."

"Kuku mpumbavu! Siku tatu umezitupa! Zimebaki nne, labda tano, kisha hiyo miguu itakuwa migumu kama mwiko huu. Unataka Mwewe amle?"

"Sitaki umle wewe!"

"Nimle huyu? Nyama yake haitoshi hata kuchafua jino!"

"Basi kama kamba ni dawa," akasema Kishingo, "jifunge na wewe."

"Nini?"

"Jifunge miguu. Leo. Siku atakayofunguliwa yeye, na wewe ujifungue. Kama si njia ya sokoni, unaogopa nini?"

Bi Somoe akafungua mdomo atukane, na matusi anayo, tena ya kurithi. Akamtazama Mkasi anayepiga makasia mchangani. Akautazama utepe. Kisha akaketi kwenye kibao cha mbuzi, akachana upande mwingine wa kanga, akajifunga vifundo vya miguu, nafasi ya viganja viwili katikati. Kisha akamfunga na Mkasi.

Enyi watoto, mji ule haujapata kuona siku nne kama zile. Bi Somoe alikwenda kisimani kwa kurukaruka, tipu, tipu, tipu, maji yakibaki nusu ndoo. Alikwenda shamba, tipu, tipu, tipu, akafika wenzake wanarudi. Alikwenda msalani, na hapo tuheshimiane. Vifaranga wote walimfuata kwa mstari, wakiimba kwa furaha:

Kamba mguuni, Bibi sokoni,
Bibi sokoni, Bibi chunguni,
Bibi chunguni, kwaheri nyumbani!

"Endeleeni tu," alisema Bi Somoe, jasho likimtiririka. "Nawahesabu." Jirani yake, Bi Mize, akaja kuuliza kama ni masharti ya mganga. Bi Somoe akamwambia ni mazoezi.

Ila ilipofika jioni ya pili hakutania tena. Alijipaka mafuta pale utepe ulipomchubua, na alipomaliza, akampaka na Mkasi, akaulegeza utepe wake kidogo. "Kumbe unakata hapa pembeni," akasema. "Ningejuaje?" Kishingo aliyaona hayo kwa jicho moja, la pili akijifanya anatafuta mchwa.

Siku ya tatu Mwewe akarudi. Alizunguka juu, akatazama chini, akaona kifaranga aliyefungwa miguu na mlinzi wake naye kafungwa miguu. Alishukuru kwa baraka nyingi hivyo, akakunja mbawa, akashuka.

"Kwee!" akalia Kishingo. Alikuwa mbali, nyuma ya zizi, na wale saba wakamkimbilia miguuni mpaka akashindwa kupiga hatua. Jogoo akaruka juu ya paa kuangalia hali ya hewa. Bi Somoe alikuwa hatua kumi kutoka kwenye gunia, mwiko mkononi. Hakuwa na nafasi ya kufungua fundo. Akaruka tipu, akaruka tipu, akaruka mara ya tatu, miguu ikamkatalia, akaruka na mwili wote, akaanguka kifudifudi: PWAA!

Vumbi likatanda. Mwewe alikuta mahali pa kifaranga pamejaa Bi Somoe. Alizunguka huku, akaona mgongo. Alizunguka kule, akaona mgongo. Akapigwa kwa mwiko, akaenda zake na manyoya pungufu.

Kishingo akafika akihema. "Umemlalia! Umemuua mwanangu!"

"Nyamaza," akasema Bi Somoe, mdomo umejaa mchanga. Alikuwa amejiinua juu ya viwiko na magoti, kanga yake imetanda pande zote. Kutoka chini yake kikatokea kichwa kidogo. Mkasi alichungulia kama vifaranga wanavyochungulia chini ya mama yao, macho makavu kabisa.

Kishingo akainamisha shingo. Mwisho maringo yakamtoka, yote, hata yale ya shingoni.

"Bibi," akasema, "lilikuwa sinia. Angezaliwa kwenye majani, miguu yake ingepata pa kushika. Ni mimi niliyetaka sinia."

"Najua," akasema Bi Somoe, bado yuko chini. "Nimejua tangu siku ya kwanza. Sikusema, kwa sababu ningesema, ungetaga kitandani."

"Na wewe ulimwambia dada yangu mnakwenda kutembea."

Bi Somoe akatema mchanga. "Nilimwambia. Nilikuwa muongo."

"Sikuombi uache kula kuku. Wewe ni mtu, una meno. Nakuomba uache kusema tunakwenda kutembea."

"Sisemi tena," akasema Bi Somoe. "Sasa niinue."

Kuku hawezi kumwinua mtu mnene. Lakini Kishingo alimvuta ukingo wa kanga mpaka alipoketi, na hiyo tumhesabie.

Siku ya nne ikaisha. Asubuhi yake wote wakakusanyika uwanjani. Bi Somoe akaleta mkasi wa kushonea. Akakata utepe wake, akabaki ameduwaa, miguu imekufa ganzi. Akakata utepe wa kifaranga. Kishingo akafumba macho asubiri ile pwaa.

Haikuja pwaa.

Akafumbua jicho. Mkasi alikuwa amesimama. Magoti yalitetemeka, kucha zimeng'ang'ania ardhi, lakini miguu yote miwili ilikuwa chini yake mwenyewe, inaelekea upande mmoja. Akapiga hatua. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu, akaligonga dole gumba la Bi Somoe, akalidonoa kwa kudhani ni kitu cha kuliwa. Kishingo akalia kwa sauti, wala hakujificha.

Mkasi akainua kichwa. Hakujua lolote la zamani, na neno alilolisema ndilo lililomjia.

"Bibi, twende tukatembee kidogo."

Kuku wakatazamana. Bi Somoe akatazama chini, akamgeukia Kishingo kuomba ruhusa.

"Nendeni," akasema Kishingo.

Wakaenda, mmoja anayumba kwa ugeni wa miguu na mwingine anayumba kwa ganzi, wakapita zizi, wakapita kisima, wakazunguka nyumba. Kishingo alisimama pale pale, shingo imenyooka, akihesabu hatua mpaka hazikusikika. Walitoka wawili. Wakarudi wawili.

Hapa hadithi yangu inakunja miguu na kulala. Na anayeuliza Jogoo aliishia wapi: sikukuu ilipofika hakufungwa, wala hakudanganywa. Aliambiwa ukweli usoni, kwamba mchuzi umechelewa. Kanaweni mikono, sinia la maua linakuja.