Joho la Ayman

Wahenga waliosema kwamba ukicheka na nyani utavuna mabua walikuwa wakulima, na walisema hayo wakilitazama shamba. Lakini nyani si lazima awe na mkia. Anaweza kuvaa kanzu iliyopigwa pasi na kuwa na maneno matamu kama asali, na shamba lenyewe likawa kifua cha mtoto.

Mtoto huyo aliitwa Sheryl, binti wa Musyoka, kuli wa bandarini aliyetoka Kitui. Walikaa chumba kimoja Shimanzi, Mombasa, ukuta kwa ukuta na ghala la saruji la tajiri mmoja aitwaye Ayman. Upande wa barabara ghala lile lilikuwa wazi. Malori yakipakia, vumbi lilipaa kama moshi, likatua juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya ugali, na juu ya kope za waliolala. Sheryl alikuwa na miaka minane na alikohoa kama bibi kizee. Daktari alimwambia baba yake, "Dawa ya huyu ni hewa safi, na hewa safi mimi siuzi."

Musyoka alijua kupiga fidla. Alifundishwa kanisani tangu utotoni. Siku aliyokwenda Mji wa Kale kutafuta nyuzi, alielekezwa kwa Mzee Hadi, fundi wa udi. Hadi na wenzake walipiga taarabu ya asili, ile ya kuketi vitini, ya udi na ganuni na fidla, isiyotaka umeme. Mpiga fidla wao alikuwa amekwenda mbele ya haki, na kiti chake kilikuwa kitupu. Musyoka akakikalia. Haukupita mwezi kabla hajawasimulia habari za Sheryl.

Fadhiya, mjane aliyekuwa mwimbaji wao, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sisi hatuna mawe ya kurusha, na hata tungekuwa nayo, hatukulelewa hivyo. Tuna vyombo hivi. Twendeni tukaketi mbele ya lango lake."

Wakenda, wakaketi. Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri walipanga viti vyao kando ya barabara, na Fadhiya akaimba beti alizozitunga mwenyewe:

Vumbi la mwenye neema, limelala kifuani,
Mwana ataka kuhema, na pumzi haioni.

Madereva walizima injini wapate kusikia. Makuli walikaa chini. Akina mama wa Shimanzi walikuja na watoto wao wenye kukohoa, na kikohozi kikawa kama chombo kingine ndani ya muziki. Wakaja waandishi wa habari. Mwisho wakubwa wa afya waliona haya, wakatangaza kwamba Jumatatu watakuja kukagua, na ghala lisipozibwa litafungwa. Usiku huo Musyoka alimwambia mkewe aoshe mapazia, maana karibuni yangebaki meupe.

Jumamosi ya mwisho kabla ya ukaguzi walikuta lango limefunguliwa. Ndani palitandikwa mazulia, pakatundikwa turubai, na viti vilikuwa na mito. Palikuwa na sinia za halua na mabuli ya kahawa. Ayman mwenyewe alisimama mlangoni.

"Masalkheri, ami Hadi. Mnakaa juani kama wageni, na hapa ni kwenu? Wewe si ndiye uliyepiga udi harusi ya marehemu baba?"

"Ni mimi, mwanangu. Mungu amrehemu."

"Basi karibuni ndani. Ugomvi ni wa watu wasiojuana."

Musyoka alimvuta Hadi kando. "Mzee, tupige nje kama siku zote. Jumatatu si mbali."

"Mtu akikuletea kiti, huwezi kumwambia akikalie yeye."

"Lakini huyu ndiye tunayemwimba."

"Tutamwimba. Tutamwimba akiwa karibu zaidi, asikie vizuri," Hadi akasema, akacheka kidogo. "Na wewe chukua halua, usimwaibishe mwenye nyumba. Mwataka haki na adabu hamna?"

Fadhiya hakucheka. Alikuwa amemwona kijana mwenye kamera, ambaye hakupiga picha za vyombo wala za beti, alingoja tu nyuso. "Hadi," alisema kwa sauti ya chini, "Mwenyezi Mungu haoni haya kusema haki. Sisi ni nani tuone haya?"

"Subiri, bibi. Kila kitu kina wakati wake."

Ayman aliomba kwanza wimbo aliopenda baba yake. Ukapigwa. Akaomba wa pili, wa harusi, nao ukapigwa. Kisha akainuka na joho jeusi lenye tarizi ya dhahabu, akamvisha Hadi mabegani mbele ya watu wote. Hadi aliweka mkono kifuani, akainama. Musyoka alimnong'oneza, "Livue, mzee. Mrudishie."

"Tuzo hairudishwi," Hadi alijibu, macho yamemlowa. "Nimeshika udi kabla sijaota ndevu, na sijapata kumrudishia mtu tuzo yake."

Fadhiya alipokohoa kusafisha koo aimbe beti zake, adhana ya magharibi ikaita. Vyombo vikafunikwa. Siku hiyo vumbi halikuimbwa.

Jumatatu hakuja mkaguzi. Ilikuja picha gazetini: Hadi ndani ya joho, mkono wa Ayman begani mwake, na kando yao Musyoka, meno nje, sahani ya halua mkononi. Chini yake paliandikwa kwamba ghala na majirani zake wamepatana.

Musyoka alikwenda ofisi ya afya akiwa na vumbi la kazi mwilini. Afisa aliisukuma ile picha mbele yake.

"Huyu si wewe?"

"Ni mimi."

"Mbona unacheka?"

"Sikuwa nacheka. Nilikuwa natafuna."

"Basi ulitafuna vizuri," afisa akasema. "Malalamiko yenu yamefungwa, bwana. Mpatane leo, mgombane kesho, sisi tufanye kazi gani?"

Jumamosi iliyofuata walirudi na viti vyao kando ya barabara. Lango lilikuwa limefungwa. Madereva hawakuzima injini. Kuli mmoja akapaza sauti kutoka juu ya lori, "Mzee, joho la kwanza limechakaa? Umekuja kutaka la pili?" Watu wakacheka. Akina mama waliokuwa wakija na watoto wao walichungulia madirishani, wakafunga. Mmoja wao alimwambia Fadhiya bila kumtazama, "Nyinyi mmeshapata chenu, mama."

Kifua cha Sheryl kikazidi kubana. Alipolazwa mara ya pili, Musyoka aliamua: heri njaa ya Kitui kuliko mshahara wa Mombasa. Aliacha kazi, akamkabidhi Fadhiya fidla, akambeba mwanawe mgongoni mpaka stendi ya mabasi ya Mwembe Tayari, mkewe na Fadhiya wakimfuata. Sheryl alitaka kumuaga Fadhiya, lakini pumzi haikutosha maneno. Akapunga mkono tu.

Basi lilikuwa linaunguruma Mzee Hadi alipofika, joho limekunjwa chini ya kwapa. Alikuwa amezeeka ghafla, kama nguo iliyoanikwa miaka mingi.

"Mwanangu Musyoka. Lichukue hili. Njiani kuna baridi, mfunike mtoto."

Musyoka aliitazama ile tarizi ya dhahabu. Hakukasirika, hasira ilikuwa imemwisha.

"Tuzo hairudishwi, mzee wangu," alisema. "Ulinifundisha mwenyewe."

Akapanda, mkewe nyuma yake. Mlango ukafungwa. Basi likatoka, na kutoka dirishani kikasikika kikohozi, kisha kikamezwa na honi.

Hadi alibaki amesimama katikati ya wachuuzi. Mmoja wao, muuza mitumba, alilishika joho kwa vidole viwili akalipima. "Mzee, hili unauza?"

Hadi alilivuta joho, akalirudisha kwapani. Fadhiya alimshika mkono akamvusha barabara, fidla ya Musyoka imening'inia begani mwake. Hakumlaumu, wala hakumpoza. La kumwambia lilikuwa limeshasemwa na waliowatangulia: ukicheka na nyani, utavuna mabua.