Jiko Lisilofuka

Jiko lisilofuka haliulizwi, huendewa.

Jana mlimsikia Mama Eliapenda akimwambia hivyo binti yake, aliyekuwa akimtumia shoga yake ujumbe siku ya tatu bila kujibiwa, nanyi mkanijia mbio mkitaka kujua maneno hayo yametoka wapi. Kaeni basi. Hayakuzaliwa penye kicheko. Mwanzo wake ulikuwa hivi.

Katika milima ya Upare palikuwa na kijiji kiitwacho Mkongea. Nyumba zake zilitawanyika, hii huku, ile kule ng'ambo ya bonde, na kutoka moja hadi nyingine ni kupanda na kushuka mpaka magoti yalalamike. Barabara ya gari iliishia Mkongea Chini, penye zahanati. Mtu wa juu akiugua, alishushwa kwa machela mabegani mwa wanaume.

Alikuwapo mkunga mmoja mzee, Bibi Nakijwa. Kila kukicha, kabla hajanywa hata uji, alipanda kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba yake akatazama mapaa. Nyumba zenye waja wazito alizijua zote. Akiona moshi unatoka alisema, "Huyo ameamka," akashuka kunywa uji wake. Asipouona hakusema kitu. Alichukua fimbo akaenda. Mara nyingi alikuta kuni zimelowa tu, au mwenye nyumba kapitiwa na usingizi, wakacheka wakala kiporo pamoja. Mara nyingine hakukuta cha kucheka.

Alikuwapo pia kijana aitwaye Mbonea, aliyesomea mambo ya kompyuta mjini. Wenzake walipohitimu walitafuta kazi za maofisini. Yeye alirudi Mkongea. Alikuwa amebeba machela mara mbili kabla hajaota ndevu, na mara ya pili yule mama aliwafia njiani. Hilo halikumtoka. Ndipo akaanzisha kampuni yake changa, akaiita Hujambo Mama.

Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza. Kila mja mzito aliandikishwa, na asiye na simu alipewa ile ndogo ya vitufe. Kila siku saa moja asubuhi simu ililia, na maandishi yakauliza: Hujambo leo? Kama hujambo, bonyeza moja. Kama una shida, bonyeza mbili. Majibu yalikwenda kwenye kioo kikubwa kama cha runinga, ofisini kwa Mbonea, jirani na zahanati, ambako pia alilala. Kila mama alikuwa na kidoa chake pale. Akibonyeza moja, kidoa kikawa kijani. Akibonyeza mbili, kikawa chekundu, na wabeba machela wakapigiwa simu papo hapo.

Mwanzoni mtambo ule uliuliza maswali matatu. Umelalaje? Umekula? Mtoto anacheza? Lakini akina mama wana mashamba ya kwenda, wakawa wanaachia katikati. Wafadhili wa mjini wakamwambia Mbonea, "Maswali yako ni mengi. Bakiza moja." Akabakiza moja. Majibu yakapanda, karibu kila mama akawa anajibu, na kioo kizima kikawa kijani kama shamba la mahindi baada ya mvua. Wafadhili wakapiga makofi. Mbonea naye akapiga.

Sasa ninyi mmefunzwa kusalimiana. Mtu akikuuliza hujambo, unajibu nini? Hata kama homa imekulaza chini, unasema sijambo. Akuulize habari za nyumbani, unasema njema. Mpaka aulize mara ya tatu, amekwisha kukaa, hana haraka, ndipo unamwambia, "Njema, ila hiki kichwa." Jibu la kwanza ni adabu, habari yenyewe huja nyuma. Mbonea alilelewa hivyo hivyo. Lakini kijani kile kilimpendeza macho, naye hakukumbuka.

Siku moja alimpelekea Bibi Nakijwa fulana yenye jina la kampuni, akamwambia pia kwamba amemwekea kiti cha plastiki ofisini.

"Bibi, pumzisha magoti. Sasa mtambo utazunguka badala yako."

"Una miguu huo mtambo wako?"

"Hauhitaji miguu, Bibi."

"Haya, mume wangu," Bibi akamtania. "Umenioa na kiti juu. Mimi nani nikatae?"

Akaivaa fulana juu ya gauni lake. Lakini asubuhi aliendelea kupanda jiwe. Alisema ni mazoea tu, kama mtu anayepapasa jino lililokwisha ng'olewa.

Kaka yake Mbonea, Kadiva, alikuwa machimboni mbali. Mkewe Namsifu alikaa na mama mkwe wake kwenye nyumba ya juu kuliko zote, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imetimiza mwezi wa tisa. Ukatokea msiba kwa ndugu, bonde la tatu kutoka hapo. Mama yao Mbonea akasita.

"Nitamwachaje mtoto wa watu peke yake, na siku zenyewe ndizo hizi?"

"Nenda tu, mama," Mbonea akamwambia. "Siku mbili si nyingi. Shemeji yumo kwenye kioo. Mimi nitamwona kuliko wewe unavyomwona ukiwa naye."

Mama akafunga kanga yake akaenda.

Kesho yake wafadhili walipanda kutoka mjini kwa gari kubwa jeupe, watu watano, kuja kuutazama mtambo ukifanya kazi. Wakiridhika, vijiji vingine ishirini vingepata. Mbonea alikuwa amenyoosha shati tangu jana yake. Saa moja swali likaenda. Vidoa vikaanza kugeuka kimoja kimoja, cha Namsifu cha sita. Kijani.

Saa tatu, wageni wamesimama mbele ya kioo wakipiga picha, Bibi Nakijwa akaingia, matope hadi magotini. Akasema kwa Kipare, ambacho wageni hawakukijua:

"Mbonea, kwenu hakufuki."

"Shikamoo, Bibi. Kuna ukungu leo."

"Ukungu umeondoka saa mbili. Mapaa yote yanafuka isipokuwa la kwenu. Twende, wewe una magoti mazima."

"Amejibu mwenyewe. Tazama, huyu hapa, kijani."

"Nani kamuuliza?"

"Mtambo."

"Umemuuliza mara ngapi?"

"Mara moja, Bibi. Inatosha."

Bibi akakisogelea kile kidoa. "Wewe uliporudi kutoka mjini mwaka ule nilikuuliza habari, ukasema njema. Nikakuuliza tena, njema. Ni siku ya pili, umeshika kikombe cha chai, ndipo ukaniambia umefeli mtihani. Au umesahau?"

Mbonea akatupa jicho kwa wageni. Mmoja wao alikuwa akitabasamu. "Bibi anasemaje?" akauliza.

"Anawasalimu," Mbonea akajibu.

Wageni wakampungia Bibi mikono.

"Kaa hapo kwenye kiti, Bibi yangu," Mbonea akamnong'oneza. "Wakishaondoka nitapanda nawe mwenyewe. Nakuahidi."

Bibi akakaa. Chai ikaletwa, na maandazi. Wageni wakauliza hiki, wakauliza kile, na Mbonea akajibu vizuri, kama mtu aliyeingojea siku hiyo maisha yake yote. Alipogeuka tena, kiti kilikuwa kitupu. Fulana ilikuwa imewekwa juu yake, imekunjwa vizuri.

Akasimama, akaenda hadi mlangoni. Njia ya juu ilikuwa tupu. Akarudi ndani, kwa kuwa alikuwa ameulizwa jambo kuhusu vile vijiji ishirini.

Kwa mtu mwenye magoti mazima, kutoka zahanati hadi nyumba ile ni mwendo wa saa moja na nusu. Bibi alitumia saa tatu. Alimkuta Namsifu chini, karibu na mafiga. Kuni zilikuwa zimepangwa, kiberiti kiko mkononi, na damu ilikuwa imefika mlangoni. Alikuwa angali anapumua.

"Namsifu, mwanangu, u hali gani?"

"Sijambo, Bibi," Namsifu akasema.

Bibi akapiga goti, akamshika mkono. "Ndiyo. Hujambo. Tangu lini?"

Hapo ndipo Namsifu alipolia. "Tangu alfajiri. Simu iliniuliza. Nikaona nisimtie shemeji hofu, ana wageni."

Bibi akatoka nje akapiga yowe. Nyumba ya chini ikalipokea, nayo ikaipasia ya chini yake, hadi yowe likafika zahanati. Gari jeupe lilikuwa limeondoka punde tu. Alama za magurudumu yake zilikuwa bado mbichi kwenye matope. Mbonea akapiga namba ya wageni. Haikupatikana, walikwisha ingia nyuma ya mlima. Akakimbia kupanda, akakutana na machela njiani ikishuka. Akamwondoa mbebaji wa mbele, akaingiza bega lake. Hiyo ikawa mara yake ya tatu.

Walipofika kwenye kona ya kisima, Bibi Nakijwa, aliyekuwa akifuata nyuma, akasema, "Wekeni chini. Msikimbie tena." Wakaweka. Mtoto naye hakuwahi kulia.

Usiku ule mama yake Mbonea akarudi. Msiba aliuacha mmoja akaukuta mwingine. Hakumwuliza mwanawe neno. Alijilaza kwenye mkeka kati ya wanawake, akajifunika kanga.

Asubuhi, kabla ya mazishi, Mbonea alishuka ofisini kuuzima ule mtambo. Alikuwa amechelewa. Saa moja ilikuwa imepiga na swali limekwenda. Akasimama mbele ya kioo, na akiwa anatazama, kidoa cha Namsifu kikageuka kijani.

Wajukuu zangu, moyo una upumbavu wake. Mbonea alipanda mlima ule mbio kama mtu aliyeitwa na jina lake. Akaingia ndani akihema. Namsifu alikuwa pale pale walipomlaza, chini ya shuka. Mama yake alikuwa amekaa kando, ile simu ndogo imo kiganjani.

"Mama, nani amebonyeza?"

"Ni mimi." Alisema polepole, hata hakumtazama. "Kimeniuliza hujambo, mwanangu. Nami nimesema sijambo. Si ndivyo ulivyotufundisha?"

Mbonea akakaa chini pale pale penye mafiga. Kuni za Namsifu zilikuwa bado zimepangwa. Hakuna aliyethubutu kuzigusa. Ndipo Bibi Nakijwa akainama, akazitoa moja moja akaziweka nje, akaleta nyingine, akawasha moto wa kuwachemshia waombolezaji maji. Moshi ulipopanda akasema, si kwa ukali:

"Mbonea, jiko lisilofuka haliulizwi. Huendewa."

Vijiji vile ishirini vilipata mtambo, maana wageni waliridhika. Wafadhili walichapisha picha ya kioo kwenye kitabu chao, na anayejua pa kutazama atakiona kidoa cha sita, kijani kama vingine. Mbonea hakwenda huko. Aliwaachia wafadhili kampuni yake, akabakiza simu kumi za kuwaitia wabeba machela, basi.

Bibi Nakijwa alipokufa, watu wa Mkongea walizoea kumwona mwanamume mmoja, nywele zimeingia mvi mapema, akipanda kwenye lile jiwe alfajiri. Alitazama paa hadi paa. Pasipofuka, hakupiga simu wala hakusema kitu. Alichukua fimbo. Akifika alikaa kwanza, akauliza mara moja, akauliza mara ya pili, akauliza tena.

Ndiyo maana binti wa Mama Eliapenda aliambiwa avae viatu. Jiko lisilofuka haliulizwi, huendewa.