Asionekane Hata Mmoja Nje

Palikuwa na binti aitwaye Mashavu, aliyeacha shule mapema, na mwenyewe alisema shule ndiyo iliyopumua kwa kuondokewa naye. Yeye na mama yake walipanga chumba cha uani kwa Mzee Mbaruku. Joto lilipoanza, sisimizi, nzi na nyigu walijaa barazani. Mashavu alimwaga majivu kuwazuia, sisimizi wakapita juu ya majivu hayo kama waliotandikiwa mkeka.

"Leo wanakuja kumposa binti yangu," Mzee Mbaruku alifoka. "Nikiona mdudu hata mmoja nje ya nyumba yangu, wewe na mama yako mtahama!"

"Nje tu, babu? Nisamehe, kichwa changu hiki ni cha kubebea ndoo."

"Nje, mpumbavu wewe! Nimesema nje!"

"Basi niachie sukari guru, na ufunguo wa sebule nikapange viti."

Mzee alimtupia vyote, akaenda kuwapokea wageni.

Aliporudi nao, baraza ilikuwa safi, hakuna hata nzi. Wageni walisifu. Mzee akavimba kwa fahari, akafungua sebule. Sisimizi walikuwa wameyafunika makochi, na nyigu wakivuma juu ya sinia la sukari guru mezani.

"Mashavu! Watoe nje!"

"Nje, babu?" Mashavu alikikuna kichwa chake cha kubebea ndoo. "Nikiwatoa nje, si tutahama?"

Wageni waliangua kicheko. Mzee aliitazama sebule, akaitazama baraza.

"Hamhami," alisema kwa sauti ndogo. "Watoe, mjukuu wangu."