Bi Kindi na Winchi ya Chini ya Meza

Wewe unayekunja pua hapo nyuma, ikunjue. Sijaanza, na wewe umeshajua kwamba ni uongo. Eti wanyama hawaendeshi magari. Umemuuliza mnyama gani akakwambia haendeshi? Kama unajua kusimulia kuliko mimi, njoo ukae hapa, mimi nikalale. Huji? Basi funga mdomo, fungua masikio.

Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana magari yalikuwepo na mengine yalikwisha chakaa, palikuwa na Bi Kindi, mkulima wa karanga. Alikuwa na kigari chake cha porini. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba, lakini magurudumu yote manne yalivuta. Kila siku ya gulio alipakia karanga akavuka mbuga ya udongo mweusi kwenda sokoni. Mbuga hiyo haikuwa na mti hata mmoja. Kiangazi ilipitika vizuri. Masika, gari likifika katikati, chwaa, linakaa topeni kama kuku anayeatamia.

Na hapo katikati ndipo alipokuwa akishinda Nyati, na mgongoni kwake amekaa Yangeyange, ndege wake mweupe wa kumsifu. Kazi ya Nyati ilikuwa kuvuta magari yaliyokwama. Na desturi ya mbuga ilikuwa moja: aliyekuvuta, nusu ya mzigo ni yake.

"Habari za asubuhi, shemeji," Nyati alizoea kumwambia, huku mdomo umeshaanza kutafuna.

Nusu gulio lile, nusu gulio hili. Siku moja Bi Kindi akachungulia ghalani, akaona amebakiwa na mzigo mmoja wa kwenda kubadilisha na mahindi ya watoto, na kikapu kimoja cha ziada. Mzigo mzima ungewafikisha mavuno. Nusu yake isingewafikisha popote.

"Nitanunua winchi," akasema.

Winchi ni mashine inayofungwa mbele ya gari. Ina kamba na ndoano. Unafunga ndoano kwenye kitu kisichosogea, mashine inakunja kamba, na gari linajivuta lenyewe kutoka topeni. Nimekwambia mapema, usije ukanikatiza kwa maswali.

Bi Kindi akachukua kikapu chake akaenda kwa Kiboko, muuza vyuma. Kiboko aliuza kila kitu kwa mizani: chuma upande huu, karanga upande ule, mpaka viende sawa. Kwake yeye, kizito ndicho kizuri. Mwenyewe alikuwa mzito, na hakuwahi kuona chepesi kikiheshimiwa.

"Chukua hii," Kiboko akasema, akaigonga winchi kubwa kuliko zote, ngo! "Winchi zangu zinamburuta hata Nyati."

"Na gari langu je?"

"Italivuta."

"Italizamisha, mjomba. Nikiifunga mbele, pua itaingia topeni magurudumu hayajafika. Na betri yangu ile itakata roho kamba haijakaza. Hiyo iliyo chini ya meza?"

Kiboko akacheka mpaka rafu zikalia. "Hiyo? Hiyo ni ya kuvutia mikokoteni."

"Inaweza uzito gani?"

"Gari kama lako, na nusu ya gari jingine juu yake."

"Basi inanitosha na inabaki. Nataka kuvuta gari langu, sivuti la jirani. Ipime."

Winchi ikapanda kwenye mizani. Ikashuka, kikapu cha karanga kikapaa.

"Umepungukiwa, mama."

"Toa huo waya wake wa kuvutia."

"Winchi bila waya?"

"Nina kamba yangu ya nyuzi, nyepesi na ngumu. Waya wako mzito huo muwekee mteja mwenye hadhi."

Kiboko akapenda maneno hayo. Akaufungua waya, kuru kuru kuru, na mizani ikasimama sawa. Akajiona mjanja: amebaki na kizito, ametoa chepesi.

"Na huko mbugani utaifunga kwenye nini?" akamuuliza kwa kejeli. "Hakuna mti."

"Mbuga ni pana, mjomba. Sitakosa pa kufunga."

Siku ya gulio ikafika, na mvua nayo ikafika. Katikati ya mbuga, chwaa. Nyati akaja taratibu, chwapu, chwapu.

"Habari za asubuhi, shemeji. Na hicho ulichokifunga puani?"

"Winchi."

"Kamba yenyewe kama mkia wa panya. Utaifunga kwenye wingu?"

Bi Kindi akashusha pumzi kama mfiwa. "Hata sijui, shemeji. Nahisi nimetapeliwa. Mjomba Kiboko anasema winchi zake zinamburuta hata Nyati."

Nyati akaacha kutafuna. "Nyati yupi?"

"Sikuuliza. Mimi ninayemjua ni mmoja."

"Umetukanwa, bwana mkubwa," Yangeyange akasema.

"Funga hapa," Nyati akasema, akatoa mabega.

"Hapana shemeji, nitakuaibisha mbele ya ndege wako."

"Nimesema funga."

"Basi nenda kasimame pale pagumu, usije ukateleza ukasingizia tope."

Nyati akaenda akasimama pagumu. Bi Kindi akamzungushia kamba mabegani, akatia ndoano, akarudi garini. Ngrrrr! Kamba ikakaza. Nyati akachimbia kwato, akafumba macho.

"Anasogea?" Bi Kindi akauliza dirishani.

"Hasogei," akajibu Yangeyange.

"Hata kidogo?"

"Hata ukwato mmoja."

Ngrrrr! Gurudumu la mbele likachomoka, chwaa. La nyuma likafuata.

"Ongeza," Nyati akanguruma, macho bado kayafumba.

"Naongeza, shemeji."

Kelele zilipokoma, Nyati akafumbua macho. Gari lilikuwa mbele ya pua yake, pagumu, na Bi Kindi anafungua ndoano.

"Sijasogea," Nyati akasema, anatweta kwa furaha.

"Hujasogea kabisa. Nikimwona Kiboko nitamwambia." Na gari likaondoka, buuu.

Nyati akabaki ametuna. Baadaye sana Yangeyange akasema polepole, "Bwana mkubwa, mbona nusu yetu imeondoka?"

Bi Kindi aliporudi kutoka sokoni na mahindi yake, akaitwa dukani kwa Kiboko. Nyati yumo, anapumua moto.

"Nimemtoa topeni," Nyati akamwambia Kiboko. "Nataka nusu yangu."

"Desturi inasema aliyevuta," Bi Kindi akajibu. "Wewe ulinivuta?"

"Nilikuvuta."

"Basi ulisogea. Nani anavuta gari bila kupiga hatua? Mjomba, watangazie wateja wako: ile winchi ya mikokoteni imemsogeza Nyati."

"Sikusogea!" Nyati akafoka. "Yangeyange, sema."

"Hata ukwato mmoja," Yangeyange akasema kwa majivuno, kabla hajafikiri.

"Basi hukuvuta, shemeji. Iliyovuta ni winchi. Wewe ulikuwa mti, tena mti mzuri. Gulio lijalo usimame palepale."

Kiboko akatazama mizani yake, akakosa la kupima.

"Na mlishike hili nyote wawili," Bi Kindi akasema. "Anayejisifia uzito wake, wepesi watamfanya kigingi."

Akatoka nje, akapanda kigari chake, akafunga mlango kwa kamba.