Pampu Iliyokohoa Mara Moja

Ukipokea kamba, muulize aliyeivuta.

Nimewasikia mkicheka, msijifiche. Mwalimu mpya wa kwaya kaambiwa maneno hayo leo kanisani, baada ya kuzifuta nyimbo zote za mwenzake aliyehama, nanyi mkadhani anafundishwa kuchunga mbuzi. Haya, endeleeni kumenya viazi, mikono isisimame, niwaeleze kamba hiyo ni ipi. Si ya mbuzi. Ni kamba ya pampu, na chanzo cha methali hii nilikiona kwa macho yangu, nikiwa na ndoo mkononi na baridi ikinikata vidole.

Mnaijua Julai ya huku kwetu Makete. Usiku ukiwa mkavu, bila wingu wala upepo, asubuhi mnakuta majani yamekuwa meupe. Hiyo ndiyo sakitu, umande ulioganda. Wazee walitufundisha kwamba kiazi huuawa na jua linapolikuta jani bado limeganda. Jani huungua likawa jeusi, kama limemwagiwa maji ya moto. Kwa hiyo mwenye viazi huwahi shambani kabla ya jua, akayaosha majani kwa maji. Akichelewa, na arudi tu kulala.

Marehemu kaka yangu Anyisile alikuwa na kinyungu, yaani shamba la bondeni, kando ya mto, lenye udongo mweusi unaoshika maji mwaka mzima. Alipofariki alimwacha mkewe Tusekile na watoto wadogo. Ukoo ukakaa. Mdogo wetu Lauteri alikitaka kinyungu kile, wala hakuficha. Baba akakata shauri mbele ya watu wote: Tusekile alime msimu mmoja. Akivuna, kinyungu ni chake na wanawe. Asipovuna, kinakwenda kwa Lauteri, na Tusekile arudi kwao. Sikuipenda hukumu ile hata kidogo. Mtu kafiwa, nawe unampa mtihani! Lakini nani aliniuliza?

Wifi yangu akalima. Alichelewa kupanda kwa sababu ya matanga, kwa hiyo wakati wenzake walipokuwa wamekwisha kuvuna, viazi vyake ndiyo kwanza vilikuwa vinatoa maua. Vilipendeza, jamani. Watu wa bondeni walikuwa wamenunua pampu ya petroli kwa pamoja, ile ya kuwasha kwa kuvuta kamba, na yeyote aliyeingiliwa na sakitu aliruhusiwa kuitumia. Asubuhi ile alikuwa yeye.

Mimi na wifi tulifika bondeni kunapambazuka. Kinyungu chote kilikuwa cheupe. Jua lilikuwa limekwisha kushika kilele cha mlima wa ng'ambo, na uliweza kuuona mstari wa mwanga ukiteremka taratibu kuja chini kwetu. Kabla mstari ule haujafika, maji yalitakiwa yawe yamepita juu ya kila tuta.

Tusekile aliijua pampu. Alifungua petroli, akafunga choki, kile kifuniko cha kubana hewa, kama inavyotakiwa mashine ikiwa ya baridi, akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Pampu ikakohoa mara moja, ikatoa kamoshi, ikazima. Basi hapo ndipo mtu huifungua choki, maana mashine imekwisha kukuambia kwamba petroli imefika. Ukiendelea kuvuta kamba choki ikiwa imefungwa, inakunywa petroli kupita kiasi, plagi ya kutoa cheche inalowa, na moto hauwaki tena. Wifi alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye choki.

"Hodi huko!" Ilikuwa sauti ya baba, kutoka njiani.

Ninyi wa siku hizi mnakula meza moja na wakwe zenu na kutaniana nao. Zamani zetu mke wa mwana hakutazamana na baba mkwe, wala hakusema naye. Akimsikia anakuja, huacha alichoshika akajitenga na kumpa mgongo. Akiwa na neno, hulipitisha kwa mtu mwingine. Na baba alipiga hodi kwa heshima hiyo hiyo, ili mkwewe apate kupisha. Tusekile akaiachia kamba, akaenda nyuma ya mianzi, akageuka.

Baba alikuja kwa nia njema, hilo sitamnyima. Aliikuta pampu imenyamaza, akaanza mwanzo kama kila mtu anavyoanza. Akahakikisha choki imefungwa, akavuta. Alivuta mpaka akavua koti.

Akaja Lauteri, pamoja na Chesco, fundi wa baiskeli. Sasa, kwetu mtu hamwulizi mzee, "Umefanyaje?" Kumwuliza hivyo ni kumwambia hajui. Lauteri aliipokea kamba kwa mikono miwili, akasema, "Pole, baba," naye akaanza mwanzo. Choki imefungwa, anavuta.

Tusekile akanipungia mkono, nikamfuata kwenye mianzi.

"Wifi, waambie ilishakohoa," akaninong'oneza. "Wafungue choki. Haraka, wifi yangu, tazama jua."

Nikakimbia. "Wifi anasema pampu ilishakohoa. Anasema fungueni choki."

Lauteri hakuinua hata uso. "Kwa baridi hii nani hakohoi?" akasema. Chesco akacheka, na neno la Tusekile likafia pale pale.

Zamu ya Chesco ikafika. Huyu alifungua plagi, akaikuta imelowa chepechepe. Akasema ni umande. Akaipangusa kwa shati lake vizuri kabisa, akairudisha, akaitazama choki, akaiona imefungwa, akaridhika. Akavuta. Ikalowa tena. Kila mmoja wao, wajukuu zangu, alifanya jambo ambalo lingekuwa sahihi kama angekuwa wa kwanza. Hakuna aliyekuwa wa kwanza ila yule aliyesimama nyuma ya mianzi.

Mwanga ulikuwa umefika katikati ya mlima. Wifi yangu hakuweza kungoja tena. Alizunguka kwa upande wa mbali, tukaanza kuchota maji mtoni kwa ndoo na kumwagia majani, tuta la kwanza, tuta la pili. Tulikimbia mpaka kifua kikawaka. Wanaume watatu wenye nguvu walikuwa pale, wameizunguka mashine. Wangeshika ndoo!

Mwishowe baba akachoka, akaketi juu ya jiwe.

"Emeliana," akaniita.

"Naam, baba."

"Nani aliivuta wa kwanza?"

"Ni wifi."

"Muulize, ilimjibu nini?"

Tusekile alikuwa upande wa pili wa shamba, ametupa mgongo, ndoo imemning'inia mkononi. Nikamwuliza kwa sauti, naye akajibu kwa sauti, wote wakasikia.

"Mwambie baba, ilikohoa mara moja. Mkono wangu ulikuwa unakwenda kwenye choki alipopiga hodi."

Baba akainuka kwenye jiwe. Kisha akamwamuru Chesco atoe plagi, avute kamba tundu likiwa wazi ili petroli iliyozidi itoke, akaushe plagi, airudishe, na afungue choki. Chesco akavuta mara moja tu. Pampu ikanguruma.

Sijapata kuuchukia mlio kama nilivyouchukia ule, kwa sababu jua lilikuwa limeshafika juu ya matuta. Maji yalitoka kwenye mpira kwa nguvu, yakaanguka juu ya majani yaliyokuwa yanalegea tukiyatazama. Kufikia mchana kinyungu kilikuwa cheusi, kinanuka kama mboga iliyoungulia chunguni. Tusekile aliendelea kumwagia weusi ule maji mpaka petroli ikaisha, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumzuia.

Matuta mawili yalipona. Ukoo hauhesabu matuta mawili.

Wakakaa tena. Nikasimama nikaeleza habari za pampu, nikaambiwa niketi. Lauteri akasema sakitu ni kazi ya Mungu. Baba alijua ukweli, lakini alikuwa ametoa kauli mbele za watu, na aliona aibu kuirudisha kinywani. Kinyungu kikaenda kwa Lauteri. Nililia kwa sauti katikati ya kikao, nikimwita baba kwa jina lake, jambo ambalo binti hafanyi. Alitazama chini.

Siku ya kuondoka Tusekile alimbeba mdogo mgongoni, wakubwa wakabeba mizigo. Baba alikuwa ameketi uani. Nilidhani wifi atapita nyuma ya nyumba, kama desturi ilivyotaka. Hakupita nyuma. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya baba, akasimama, akamtazama usoni. Wanawake wakashika vinywa.

"Usishtuke, baba," akasema. "Mmeshanirudisha kwetu, mimi si mkwe wa mtu tena. Leo naruhusiwa kusema nawe. Ningeruhusiwa asubuhi ile, ningekuwa nimevuna."

Safari hii baba ndiye aliyegeuza uso.

"Na huyo uliyempa kinyungu changu mwambie," akaendelea Tusekile, "ukipokea kamba, muulize aliyeivuta. Hata kama ni mwanamke. Hata kama amekupa mgongo."

Akawashika wanawe, wakapanda njia ya mlimani. Hatukumwona tena, wala hatukupata habari zake.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila alipoona mtu anachukua kazi iliyoanzwa na mwingine, alisema maneno yale, hayo tu, kisha anaingia ndani na kufunga mlango. Watu wakayaokota kinywani mwake wakadhani ni hekima yake. Si yake. Ni ya mwanamke tuliyemfukuza, na mkiyasema, msiyaseme kwa kicheko.

Ukipokea kamba, muulize aliyeivuta.