Bawa Lililopakwa Rangi Mara Mbili

Jamani, kaeni vizuri, sitawachelewesha. Kwenye milima ya chai kulikuwa na fundi vitanda aliyejitengenezea ndege isiyo na injini. Msicheke. Mwewe naye ana injini? Alianza na vindege vya karatasi ngumu, akibandika msumari puani mpaka vikaacha kuanguka mwereka. Halafu ikaja mianzi, waya, na kitambaa alichoshonewa na mkewe. Bawa, kipande kimoja kutoka ncha hadi ncha, likawa pana kuliko nyumba yao. Alipanga Jumapili moja baada ya ibada ajifunge humo, akimbie hadi ukingo wa kilima na kujirusha, watoto wake watatu wakimtazama.

Watu walikuja kusifu. Walisifu rangi hasa, maana rangi haihitaji akili kuiona.

Mama mkwe wake naye alikuja. Kwa mila zao, mkwe na mkwe hawasemezani uso kwa uso, kwa hiyo alisimama nje ya ua, akamwambia binti yake kwa sauti ya kufika hadi kwa jirani, "Mwulize mumeo, hilo bawa limebeba nini?"

"Mwambie mama litanibeba mimi," fundi akamjibu mkewe.

"Mwambie sikuuliza litabeba nini. Nimeuliza limebeba nini."

Fundi alinuna, lakini aibu ilimshika. Akalipindua bawa tumbo juu, kwa kuwa huko angani upepo husukuma kutokea chini. Akaliegemeza katikati kwenye meza yake ya kazi, akapanga mifuko ya mchanga huku na huku mpaka ikafikia uzito wake mwenyewe. Likastahimili. Watu wakapiga makofi, naye akaanza kupakua.

"Mwulize, siku atakayoruka upepo umemwahidi upole?"

Wakaongeza, kufika uzito wa watu wawili. Kwenye mfuko wa mwisho bawa lililia kama kuni kavu, likakatika. Hapo kila mtu akamgeukia bibi: mchawi, mwenye kijicho, kazi ya miezi minane ameiangusha kwa mdomo. Bibi akajifunga khanga vizuri, akageuka aende zake.

Fundi hakuwasikia. Alikuwa amechuchumaa pale palipokatika, akikwangua kwa ukucha.

"Mke wangu, mwambie mama asiondoke. Hapa mwanzi ulipungua, nikaunga kipande, nikapaka rangi mara mbili. Nilikuwa najua."

Mmesikia hilo? Alikuwa anajua. Na sisi je? Nani humu hajui alipopaka mara mbili? Yule ambaye hasemi na dada yake mwaka wa tatu sasa, na kwenye kwaya anaimba sauti ya kwanza? Tunamwomba Mungu atupe upepo mzuri. Akitutumia mtu wa kutupakia mchanga, tunamwita mchawi.

Fundi aliweka mwanzi mzima. Wakapakia tena, mchanga uleule, likabeba. Jumapili iliyofuata alikimbia, akainuka, akavuka bonde lote, akatua kwenye shamba la mkwewe. Bibi akamwambia binti yake, "Mwambie mumeo kaniharibia matuta mawili ya viazi." Lakini alikuwa anafuta macho.

Kukatika juu ya meza si msiba, ndugu zangu. Mianzi bado ipo. Ukitoka hapa, mtu akikuuliza swali linalokuchoma, usimfukuze uani kwako. Mshikie mfuko, apakie.