Kwa Nini Sindano ya Mfarishi ni Fupi

Tulieni basi. Hadithi ina miguu. Mkipiga kelele itatoka nje, nami sitaikimbilia.

Hapo kale, kabla vikebe vya sindano havijajaa madukani, mji mzima ulishona kwa sindano moja. Hiyo hiyo ilishona kanzu, hiyo hiyo ilidarizi kofia, hiyo hiyo ilifunga magunia ya kunde. Haikuwa nene wala nyembamba, na urefu wake ulikuwa kama kidole cha kati. Mwenyewe alikuwa Bi Mize, mjane wa fundi milango. Aliirithi kwa mamake, akaichomeka kwenye kitambaa chekundu ukutani, mkabala wa mlango, ili kila apitaye aione na aiombe. Siku zile kumnyima jirani sindano ilikuwa aibu kuliko kumnyima moto.

Mwaka huo binti yake, Mwanamkuu, alikuwa mjamzito, na kipupwe kilikaribia. Mtoto wake wa kwanza baridi ilimwingia kifuani, hata arobaini hakufika. Bi Mize akaapa kwamba huyu wa pili atapokewa kwa mfarishi: nguo mbili, pamba katikati, na mishono ya karibu karibu kila mahali, maana mishono ikiwa mbali pamba hukimbilia pembeni, na mtoto akalala juu ya baridi tupu.

Akatandika nguo, akatandaza pamba, akatunga uzi. Hajamaliza hata upindo mmoja, hodi!

Alikuwa Mwanashee, mdarizi wa kofia. "Shoga, niazime sindano. Bwana harusi anaingia Ijumaa na kofia yake haina hata ua moja."

Bi Mize akauma mdomo, akampa. Ikarudi imekonda. Mwanashee alikuwa ameipeleka kwa Makame mhunzi aisugue, eti inatoboa kitambaa laini kikawa kama kimeliwa na nondo. Na badala ya ahsante akaleta lawama: "Tundu lake nalo dogo, shoga. Nyuzi zangu za hariri hazipiti pamoja."

Bi Mize aliporudi kwenye mfarishi, ile sindano iliyokonda ilipenya nguo ya juu, ikafika kwenye pamba, ikapinda kama mkia wa nge. Akajitanda kanga, akaenda kwa Makame kuinyoosha.

"Bi Mize," alisema Makame, jasho likimtiririka, "jana nikondeshe, leo ninyooshe. Hii sindano au bi harusi?"

Akarudi nayo. Hajakaa sawasawa, Mwanashee huyo tena, maana kofia ina juu na ina ubavu. Ikaenda, ikarudi, ikapinda tena kwenye pamba, ikanyooshwa tena. Pamba ilikaa wazi ukumbini, kuku wakiidonoa, na tumbo la Mwanamkuu likizidi kushuka. Bi Mize alifukuza kuku, akatazama ukutani. Kitambaa chekundu, sindano haipo. Akawa hata usingizini anasikia hodi.

Kisha akaja Shee, mwenye ghala la kunde. "Bi Mize, panya wametoboa magunia. Mara moja tu, narudi sasa hivi."

Sasa hivi ya Shee ikawa jioni, ikawa kesho yake. Alipofika aliukunjua mkono polepole, na kiganjani mkawa na vipande viwili vya sindano.

"Gunia lilifanya ukaidi," alisema, "nikaigonga kidogo."

"Ukaigonga kwa nini?"

"Kwa mchi."

"Kwa mchi!" Bi Mize alishika kiuno. "Shee, mamako alikuzaa au alikutwanga?"

Hakupata nafasi ya kumaliza matusi, kwa kuwa Mwanamkuu aliita kutoka ndani, na ule haukuwa wito wa kuomba maji. Uchungu umeanza. Wakunga wakaingia, upepo wa kusini ukaanza kupuliza mapazia, na mfarishi bado ni nguo mbili na pamba iliyodonolewa.

Bi Mize akanyakua kile kipande chenye tundu, akakinoa juu ya jiwe la kisu, akaketi. Kila mshono aliusindikiza kwa laana. Kifupi kama kidole cha mtoto! Hata pa kushika hakuna! Mwanashee na kofia yake, Shee na mchi wake! Alikuwa amelaani mpaka ukoo wa panya ndipo alipogundua kwamba kidole chake hakihangaiki tena. Kile kifupi hakikupinda. Kilizama katika matabaka yote na kuibuka papo hapo, kikiacha mishono midogo kama punje za mtama, na pamba ikatulia palepale ilipowekwa. Alikata uzi kwa meno mtoto akitoa kilio chake cha kwanza. Upepo ulivuma kutwa, na yule kichanga akalala ametota jasho puani.

Majirani wakaja kutoa hongera. Mwanashee akambusu mtoto, na jicho lake likaenda ukutani. "Shoga, ile sindano..."

"Kwa Makame!" alifoka Bi Mize. "Wote, kwa Makame!"

Makame akawakuta mlangoni. "Kabla hujafumbua kinywa, sema unashona nini!" Kile kipande cha pili, chenye ncha nyembamba, alichobaki nacho Shee, akakitoboa tundu refu, akampa Mwanashee: "Ingiza nyuzi zako zote, nisikusikie tena." Naye Shee alifuliwa shazia, sindano nene ya magunia, kutokana na jembe kuukuu: "Hii uigonge tu. Utavunjika mchi."

Na tangu siku hiyo sindano ya mfarishi ni fupi, ya kudarizi ina tundu refu, na gunia lina shazia yake. Ndiyo sababu muuza sindano hafungui kikebe kabla hajakuuliza unashona nini, nawe usimjibu "nguo tu" ukamtibua. Na ukimwomba sindano mwanamke anayesubiri mjukuu, atakuonyesha ukuta mtupu. Usikasirike. Kaichomeka kifuani mwake.